Urembo wa meno: ya kujua kabla hujakalia kiti cha daktari

Nikicheka huwa naziba mdomo kwa kiganja. Hiyo ni sababu tosha ya kurekebisha meno?

Ni sababu tosha, na asikwambie mtu kuwa ni majivuno. Anayeogopa kucheka mbele za watu amebeba mzigo wa kweli. Ila kwanza ujue kinachokusumbua hasa. Shika kioo, kaa penye mwanga wa mchana, utaje jambo moja: rangi, pengo, ncha iliyomeguka, meno yaliyopandana. Ukijikuta unajibu "yote tu", au kama ni picha za mtandaoni zilizokufanya uyachukie ghafla meno uliyoishi nayo miaka yote bila shida, ngoja miezi michache.

Meno yangu ni ya manjano. Yana ugonjwa?

Si lazima. Gamba gumu la nje, yaani enameli, hupitisha mwanga, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Umri ukisogea enameli hulika na manjano hayo hujitokeza. Madoa ya chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino. Mengi hutoka kwa kusafishwa tu na daktari, pamoja na ugaga. Madoa ya kahawia yanayotokana na madini ya floridi yakizidi ni mengine: yaliingia utotoni, jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, kwa hiyo mswaki hauyafikii. Na jino moja likigeuka kijivu baada ya kugongwa, huenda limekufa ndani. Hilo ni la kutibiwa kwanza, rangi baadaye.

Dawa za kung'arisha zina madhara?

Nyingi hutumia peroksaidi, ambayo hupenya kwenye enameli na kuvunjavunja chembe za rangi. Mbele ya daktari ni salama kwa watu wengi, ingawa meno yanaweza kuingia ganzi kwa siku kadhaa unapokunywa kitu cha baridi. Dawa hizi hazigeuzi rangi ya jino la bandia wala ya sehemu iliyozibwa, hivyo kama una jino la mbele lililozibwa, litabaki na rangi yake huku jirani zake wakiwa weupe. Mjamzito asubiri ajifungue.

Limau na unga wa mkaa uache kabisa. Asidi ya limau huyeyusha enameli, mkaa huikwangua, na enameli ikishaondoka mwili hauoteshi nyingine. Utaishia na manjano zaidi.

Na vinia?

Hapa nakuomba utulie. Vinia ni bamba jembamba, mara nyingi la kauri, linalogundishwa mbele ya jino. Ili likae sawasawa, kwa kawaida daktari hupunguza enameli, pengine nusu milimita. Utaona ni kidogo, lakini unene wote wa enameli hapo mbele ni kama milimita moja tu, na karibu na ufizi haufiki hata hapo. Jino lililokwisha kukatwa litahitaji kufunikwa maisha yote. Vinia nzuri hudumu miaka 10 hadi 15. Anayewekewa akiwa na miaka 22 ahesabu mwenyewe atairudia mara ngapi. Kama unasaga meno usiku, sema mapema, maana vinia huvunjika.

Mimi ningeanza na njia zisizokula jino. Ncha iliyomeguka au pengo dogo huweza kujazwa kwa komposite, yaani dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, mara nyingi bila kukata chochote. Hudumu miaka michache na hushika madoa, ila hurekebishika. Meno yaliyopinda husogezwa kwa nyaya yakiwa mazima. Ni kazi ya mwaka au zaidi, nakiri inachosha.

Nimuulize nini daktari?

Kama fizi zinatoka damu au kuna jino lililooza, hayo yatibiwe kwanza. Kisha muulize: utakata kiasi gani? Kuna njia isiyokata? Ikivunjika itatengenezwaje? Usikubali kubandikwa vinia na mtu asiye daktari wa meno, kwani kingo zikikaa vibaya chakula hunasa na fizi huvimba, huku jino likioza chini kwa chini bila wewe kuona. Omba pia akuwekee mfano wa muda juu ya meno yako, uongee na ucheke nao mbele ya kioo, kabla hajakata.