Je, wajua kwa nini nyota ya Algol hufifia kila baada ya siku tatu kasoro?

Mwishoni mwa Desemba, saa tatu usiku, mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi akitazama kaskazini ataiona Algol ikiwa karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Jirani yake wa upande wa chini, Mirfak, huizidi mng'ao kidogo tu. Lakini kuna usiku utakaoikuta Algol inafifia huku unaitazama. Kwa saa tano hivi mwanga wake hupungua hadi kubaki theluthi, kisha huchukua saa nyingine tano kurudi ilivyokuwa. Zikipita siku 2, saa 20 na dakika 49, hali hiyo hujirudia. Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, kichwa cha zimwi, na hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Mwaka 1783 kijana kiziwi wa York, Uingereza, John Goodricke, akiwa na miaka 18 tu, alieleza kwamba huenda kuna gimba la giza linaloizunguka nyota hiyo na kuikinga. Alitunukiwa medali ya Copley, tuzo kubwa ya sayansi ya Uingereza, mwaka huohuo. Alifariki mwaka 1786, hajatimiza miaka 22, na wazo lake lilithibitishwa mwaka 1889. Gimba lile ni nyota nyingine, hafifu zaidi, na tunachokiona ni kupatwa kwa nyota, kama Mwezi unavyolikinga Jua.

Lakini mwenzi huyo ameficha jambo kubwa kuliko kivuli chake. Nyota hizi mbili ni kama Kulwa na Doto: zilizaliwa pamoja, umri ni mmoja. Nyota yenye uzito mkubwa huunguza hidrojeni yake kwa pupa, kwa hiyo huzeeka mapema. Algol A, ile inayong'aa zaidi, ina uzito wa Jua mara tatu na zaidi, nayo bado ni kijana, nyeupe yenye kuelekea ubuluu. Algol B, yule mwenzi hafifu, haifikii hata uzito wa Jua, na ndiyo iliyozeeka: imepoa, imevimba, ina rangi ya chungwa. Iweje aliye mwepesi awe ndiye mzee?

Jibu ni kwamba B haikuzaliwa nyepesi. Zamani yenyewe ndiyo ilikuwa nzito. Ilipoanza kuzeeka ikavimba, na mwenzake alikuwa karibu mno: leo zimeachana kilomita milioni 9 hivi tu, kama moja ya sita ya umbali kati ya Jua na sayari ya Utaridi. Kila nyota katika jozi ina eneo lake la himaya, ambamo mvutano wake ndio wenye nguvu, na maeneo hayo hukutana kwenye sehemu moja nyembamba kama shingo ya kibuyu. B ilipovimba hadi kulijaza eneo lake, gesi yake ikapenya shingoni na kuporomokea kwa A. Huo ndio uzito A inaoringia leo, na gesi bado inavuja hadi sasa. Kwangu mimi hakuna kisa cha angani kinachoshinda hiki. Nyota ingekuwa peke yake, uzito iliozaliwa nao ungetosha kutabiri maisha yake.

Yuko na wa tatu. Algol C huizunguka jozi hiyo kwa takriban siku 680, ikiwa mbali nayo kwa kilomita milioni 400 hivi. Umbali huo ndio unaowawezesha watatu hawa kuishi pamoja, maana C huwavuta wale wawili kana kwamba ni kitu kimoja. Nyota tatu zikikaribiana kwa umbali unaolingana, aghalabu moja hurushwa nje na kupotelea angani.

A nayo itazeeka. Siku itakapovimba na kulijaza eneo lake, gesi itaanza kumiminika kurudi kwa B.