Kamera "isiyo na waya" ina waya mrefu kuliko unavodhani

Kila tukimaliza mechi kubwa lazima kuna mtu atanitumia ujumbe na swali lile lile, "kaka mbona bado mnatandaza mawaya uwanja mzima, si siku hizi kuna wayalesi?" Mara nyingi ni kijana anayerekodi harusi, kashanunua kale kaboksi ka kurusha picha toka kwenye kamera mpaka kwenye monita, ukumbini kanapiga kazi fresh tu, sasa haelewi sisi watu wa OB van (lile gari la mitambo ya kurusha matangazo toka uwanjani) tunateswa na nini kuvuta waya juani toka saa moja asubuhi. Leo naandika nimalize, maana kuelezea kwenye simu nimechoka kwa kweli.

Anza na uzito wa picha yenyewe. Picha ya HD ikitoka kwenye kamera bila kubanwa ni gigabiti 1.485 kila sekunde, na hiyo ni kamera moja. Kamera kumi ni karibu gigabiti 15, zinatiririka mwanzo mwisho, hata wakati wa matangazo ya biashara hazipumziki. Sasa picha ile ile ukitaka ipite kwenye mtandao wa simu utaikamua ifike labda megabiti 8, yaani umeipunguza mara 185 hivi, na kukamua kunakula ubora na kunakula muda, hapo hakuna ujanja. Kwenye waya hii stori haipo, picha inaingia ilivyo inatoka ilivyo.

Ila waya wa shaba nao una mwisho wake. Koaksi (waya wa shaba wa kupitishia picha) nzuri kwa HD inakupa kama mita 100 na ushee, ukienda 4K, picha kali zaidi ya HD, kwa waya mmoja ikifika mita 70 hivi ushaanza kumuomba Mungu. Chukua uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, sehemu ya kuchezea mita 105 kwa 68, imezungukwa na njia ya riadha, kisha majukwaa ya watu 60,000, halafu gari letu limepaki nje ya majukwaa. Na waya huwezi kuukatiza katikati ya uwanja, unauzungusha. Kamera ya nyuma ya goli la mbali mpaka uifikie umeshakula mita 300 au 400. Shaba hapo haina chake, ndo faiba inaingia, waya wa nyuzi za kioo unaopitisha picha kwa mwanga.

Waya wetu wa kamera ni wa mchanganyiko, unene milimita 9.2 tu, kidole cha mtoto, ila ndani mna nyuzi mbili za kioo, nyaya za shaba na waya wa chuma wa kushika mvuto. Uzi mmoja wa kioo unaleta picha na sauti garini, wa pili unampelekea kamerameni mambo yake, sauti ya dairekta, picha inayoenda hewani, taa nyekundu, na sisi garini tukimfungulia au kumfungia mwanga wa lenzi ni huko huko. Shaba inampelekea umeme. Kwa hiyo jamaa wa goli la mbali hana betri, hana soketi, hana habari, anachomeka konekta moja anafanya kazi mpaka filimbi ya mwisho.

Sasa watu wanadhani adui wa faiba ni umbali. Hapana bana. Kwenye faiba ya singomodi, ile ya njia moja nyembamba ya mwanga, kwa mwanga wa nanomita 1310 unapoteza kama dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea) 0.35 kwa kilomita, kwa hiyo mita 400 zako hizo hazifiki hata dB 0.2, ni kama hamna kitu. Adui ni vumbi. Kile kitundu mwanga unapopita kina maikromita 9, unywele wako ni mnene mara saba nane hivi, sa fikiria punje moja ya mchanga imekaa pale katikati. dB 3 tu zikiliwa, nusu ya mwanga imeenda.

Kuna siku kamera namba nne ilikuwa inakata picha, inakaa dakika mbili safi halafu inapiga cheche nyeusi, tukabadili kamera, tukabadili boksi lake la garini, tukaanza kuusema vibaya waya mpya wa watu. Imebaki kama saa moja na nusu mechi ianze ndo nikachukua kihadubini cha faiba nikachungulia konekta ya katikati, ile ya kuunga waya mbili kwenye kona ya njia ya riadha. Kwenye skrini unaona duara la kijivu, katikati kidoti kidogo ndo njia ya mwanga, na juu ya kile kidoti limelala doa lina mkia kama kiluwiluwi. Mafuta ya kidole. Mtu alivua kava, akaona vumbi, akaamua kulifuta na kidole gumba, nia njema kabisa! Kalamu ya kusafishia, bonyeza mara mbili, kwisha habari. Saa tatu tumehangaika na kitu cha sekunde tano. (Na tafadhali kuchungulia ni kwa hadubini ya skrini, usiweke jicho kwenye faiba iliyo hai, ule mwanga hauonekani ila ukiunguza jicho hauulizi.)

Mvua ya masika nayo ni somo. Boksi la garini halipeleki umeme mkubwa mpaka lihakikishe kuna kamera halali upande wa pili, maji yakiingia kwenye konekta linahisi mambo hayajakaa sawa linakata, kamera inazima ghafla mpira uko kwenye kumi na nane. Linakulinda usipigwe shoti, sawa, ila dairekta hatakuelewa. Kwa hiyo kila maungio yananyanyuliwa juu ya ardhi, yanafungwa nailoni na tepu, hata kama mbingu ni ya bluu.

Haya, wayalesi. Tunatumia, tena napenda, ile kamera inayomfuata kapteni toka vyumbani, inapita kwenye kupeana tano mpaka katikati ya uwanja, ukiwa na waya hapo utamwangusha mtu. Inarusha kwa masafa ya gigahezi 2 au 7 hivi, kibali unaomba TCRA (mamlaka ya mawasiliano) mapema, usijirushie tu. Ule mfumo wa kurusha unagawa data kwenye vibebeo vingi vidogo kwa mpigo, kwa hiyo mawimbi yakigonga zege la jukwaa yakarudi hayavurugi picha kama zamani. Lakini uliza antena za kupokelea ziko wapi. Tunafunga nne, mbili kila upande, mashine inachagua au inaunganisha iliyosikia vizuri zaidi, na kutoka pale antena zilipo mpaka garini ni nini? Faiba. Hewani picha imeenda mita 80, kwenye kioo imeenda mita 350. Hiyo ndo "wayalesi" yenyewe.

Na inachelewa. Kidogo, frem (picha moja moja zinazounda video) moja mbili, zingine zaidi, ila dairekta akikata toka kamera ya waya kwenda ya wayalesi wakati mtu anapiga penati, mpira utaonekana unapigwa mara mbili. Ndo maana wakati mpira unachezwa ile kamera tunaiacha, tunaikimbilia ukitoka nje au goli likiingia.

Sasa ile begi ya laini za simu, inayounganisha laini sita za mitandao tofauti kuwa njia moja. Kuna mteja alikataa kulipia faiba ya kutoka uwanjani kwenda studio, akasema begi inatosha. Asubuhi tukapima, uwanja mtupu, megabiti 12, imetulia kama maji ya mtungini. Saa kumi jioni watu wamejaa, kila mmoja anarusha status yake, minara yote ya pale inalia, tukashuka mpaka haifiki hata megabiti moja, picha imekuwa vigae. Mapumziko ni dakika 15. Tukachukua faiba ya akiba, mita 500, vijana wawili wakaikimbiza nje ya geti mpaka kwenye paa la jengo ng'ambo ya barabara linalotazamana na mnara mwingine, begi ikapelekwa huko, toka garini tukaipelekea picha kwa kioo. Kipindi cha pili kilienda. Yaani wayalesi iliokolewa na waya, na yule mteja mpaka leo anaisifia begi.

Dishi la setilaiti la kurushia picha wengine wanalicheka, ni kweli setilaiti iko kilomita 35,786 juu, kupanda na kushuka tu robo sekunde imeenda kabla hata hujahesabu enkoda (mashine ya kukamua picha), na mvua kubwa ya Dar kwenye Ku bendi, masafa ya setilaiti, inakunyoosha. Ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu kwa wakati mmoja, intaneti ya kwenda nje ikawa ya kubembeleza, mwenye dishi hakuguswa. Njia mbili zisizofanana, hiyo kwangu haina mjadala.

Kwa hiyo kijana wa harusi, na wale wa livu za kanisani mnaoniulizaga nianze na nini: kaboksi kako kaweke kwa kamera inayotembea na maharusi. Kamera ya nyuma ya ukumbi nunua vigeuzi viwili vya faiba na waya wa mita 100, halafu kalamu ya kusafishia, na ile kalamu usimwazime mtu. Yangu iliazimwa kwa send-off moja Mbezi, nasikia bado inazunguka.