Besiboli na udahili: kocha ana uwezo gani hasa?

Wazazi wenzangu huku Marekani huniuliza: "Kijana wangu anarusha mpira vizuri sana, Yale watamchukua?" Kabla ya kujibu, naomba nione alama zake za darasani.

Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi maarufu ambamo Yale imo, havitoi ufadhili wa michezo. Amherst, Williams na MIT, vilivyo Daraja la Tatu la NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo), navyo havitoi. Kwa hiyo kocha wa huko hana pesa ya kumpa mtoto; alichonacho ni sauti mbele ya ofisi ya udahili. Sauti hiyo ina uzito mkubwa. Kesi ya madai ya ubaguzi katika udahili wa Harvard, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 ilianika takwimu zake: wanamichezo waliopendekezwa na makocha walikubaliwa kwa takriban asilimia 86, huku waombaji wote kwa jumla wakikubaliwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Si kila mahali, lakini. Caltech, chuo cha sayansi huko California, haimlegezei mtu masharti kwa ajili ya mpira, na timu yake ya besiboli ilipoteza mechi 228 mfululizo kabla ya kushinda Februari 2013.

Kazi yenyewe huanza kiangazi, kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kocha anaomba ripoti za shule, matokeo ya SAT (mtihani wa kuombea chuo) na orodha ya masomo ya mwaka unaokuja, kisha anayapeleka udahili wayapitie mapema. Majibu humrudia yeye: endelea naye, arudie mtihani kwanza, au achana naye. Kwenye Ivy, alama na mitihani huunganishwa kuwa namba moja, na wastani wa wanamichezo hautakiwi kuwa mbali sana na wa wanafunzi wengine. Ndiyo maana mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira) mwenye alama za juu ni lulu kwa kocha: anampa nafasi ya kumchukua mrushaji mkali ambaye darasani ni wa kawaida.

Uwanjani nako lazima awe na kitu. Mdakaji hupimwa kwa saa: tangu mpira uguse glavu yake hadi udakwe kwenye kituo cha pili, karibu mita 39 mbele, makocha wanataka sekunde 2 hivi. Alama nzuri hazifidii mkono mzito.

Msibabaishwe na barua pepe za kualikwa kwenye kambi za mazoezi. Hutumwa kwa mamia ya vijana, na kambi hulipiwa. Mtoto amuulize kocha mwenyewe, kwa adabu na bila kuzunguka: "Kocha, udahili wameshapitia faili langu? Utalipeleka jina langu kwenye orodha yako?" Jibu la "tunakufuatilia" maana yake bado, basi aendelee kuzungumza na vyuo vingine.

Akiambiwa ndiyo, mara nyingi atatakiwa kuomba mapema, mwezi wa Novemba, na vyuo kama Dartmouth, Cornell na Williams humfunga: akikubaliwa, lazima aende. Kabla hajatia saini, ombeni ofisi ya misaada ya fedha iwape makadirio ya ada kwa kipato chenu halisi.