ROM ni nini? Zile digrii ambazo fizio anaandika kwenye faili lako

ROM, kifupi cha Kiingereza "range of motion", ni kiasi ambacho kiungo kinaweza kwenda, kuanzia pale kinapoanzia mpaka pale kinapogoma, na inapimwa kwa digrii, zilezile za pembe tulizosoma shuleni. Ukifika kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, na goti lililotoka kufunguliwa hogo baada ya ajali ya bodaboda, au bega ambalo halipandi tena, kabla hujaanza mazoezi anatakiwa akupime kwanza alafu aandike, mfano "goti la kulia 15-90". Wagonjwa wengi wanaiona hiyo namba kwenye faili wanaitikia tu "sawa daktari" na kuondoka, na mimi hili jambo linaniuma kwa sababu goti ni lao, maumivu ni yao, na hiyo namba ndo inaamua mazoezi yabadilishwe au yaendelee, sasa kwa nini wasijue inasema nini?

Kifaa kinaitwa goniomita. Mara nyingi ni cha plastiki ya kuonyesha, katikati kina duara lenye digrii na kina mikono miwili, mmoja hautembei na mwingine unazunguka. Kwenye goti mgonjwa analala chali, fizio anatafuta kwa kidole sehemu tatu, na hapo anatafuta mfupa wenyewe, hafuati ngozi. Ya kwanza ni kile kinundu cha mfupa wa paja kwa nje ya goti, hapo ndo katikati ya kifaa inakaa. Ya pili ni ule mfupa mkubwa unaotokeza pembeni ya nyonga, mkono usiotembea unaelekezwa huko. Ya tatu ni kifundo cha nje kwenye enka, mkono unaozunguka unafuata mguu mpaka pale. Alafu mgonjwa anakunja goti kwa kuburuta kisigino kuelekea makalio mpaka mwisho wake, fizio anahakikisha tena zile sehemu tatu mana zikihama kidogo tu digrii nazo zinahama, ndo anasoma. Akikuangalia tu kwa macho akiwa amesimama mbali alafu akaandika 90, hapo amekadiria, hajapima.

Sasa turudi kwenye kusoma. Mfumo unaotumika sana unaanzia sifuri, yaani mguu ukiwa umenyooka kabisa goti liko 0. Chama cha madaktari bingwa wa mifupa cha Marekani, AAOS, kilitoa mwongozo wa namna hii ya kupima na kuandika mwaka 1965, na vipimo vyake bado vinatajwa sana mpaka leo: goti 0 mpaka 135, kiwiko 0 mpaka 150, bega kupanda mbele mpaka 180, nyonga kukunja 120, enka kuvuta vidole juu 20 na kusukuma chini 50.

Kwa hiyo 15-90 maana yake goti linakunja mpaka 90 ila halinyooki, limebaki limejikunja digrii 15. Watu wanaangalia ile 90 ya mwisho tu wanafurahi, na ile 15 ya mwanzo hawaioni kabisa, wakati kwangu mimi ile ya mwanzo ndo inanipa wasiwasi zaidi. Chukua wagonjwa wawili, mmoja ana 15-90 na mwingine ana 0-75. Ukitoa, wote wana digrii 75 za kiungo kusogea, lakini ni shida mbili tofauti kabisa. Huyu wa 0-75 atatembea vizuri tu barabarani kwa sababu kutembea kwa kawaida kunataka goti likunje kama 60 hivi mpaka 70, tabu yake itakuja kwenye siti ya daladala na kwenye ngazi. Huyu wa 15-90 anakaa kwenye kiti bila shida kubwa lakini kila hatua anakanyaga na goti lililokunja, misuli ya mbele ya paja haipumziki hata akiwa amesimama tu, mguu unakuwa kama mfupi, anachechemea, na baada ya muda kiuno nacho kinaanza kulalamika. Ndo maana fizio anaweza kukukataza kabisa kulala na mto chini ya goti hata kama unasikia raha, mana goti linazoea kukunja hivyohivyo na kunyoosha kunazidi kuwa kugumu.

Kitu kingine cha kuuliza ni nani aliyekuwa anaukunja mguu. Kuna kipimo ambacho mgonjwa anajikunja mwenyewe kwa nguvu zake na kuna kingine ambacho yeye analegea fizio ndo anausukuma taratibu. Kawaida cha kusukumwa kinazidi kidogo, ila kikizidi sana kuna habari. Tuseme fizio akiunyanyua mguu wako goti linanyooka mpaka 0 bila kelele, lakini ukiambiwa unyanyue mwenyewe linabaki limelegea kwenye 20. Kiungo chenyewe hakina tatizo hapo, kiko huru, msuli wa mbele ya paja ndo umelala, na ukienda kumvuta mtu kama huyo kila siku unamwonea bure, anahitaji kuamshwa msuli. Vikigoma vyote viwili palepale, basi kuna kitu kinazuia ndani, tishu zimekaza, kuna makovu, uvimbe au mfupa.

Na kinachozuia kinasikika mkononi, ambacho kifaa hakiwezi kukionyesha. Ukikunja kiwiko cha mtu mwenye mkono mnene mwisho wake ni laini, nyama inakutana na nyama. Enka ikivutwa juu mwisho unakaza kama mkanda unaonyooka. Kiwiko kikinyooshwa mwisho ni mgumu, mfupa umefika kwenye mfupa, na hiyo ni kawaida kwa kiwiko, lakini mwisho mgumu wa namna hiyo kwenye goti katikati ya safari ni jambo la kurudisha kwa daktari wa mifupa. Alafu kuna ule ambao mkono wa fizio hausikii kizuizi chochote ila mgonjwa anapiga kelele kwa maumivu na kukataa, huo ni wa kuheshimu sana, hapo hausukumi, unatafuta sababu kwanza.

Mwili nao unajua kudanganya, na unadanganya bila mwenye mwili kukusudia. Mwambie mtu mwenye bega lililoganda apandishe mkono juu, utaona anainua bega lote kuelekea sikio na kupinda mgongo nyuma, mkono unaonekana umepanda kumbe kilichopanda ni mgongo. Ndo maana unalazwa chali na fizio anabana bega kwa mkono mmoja. Hilo bega lililoganda, ambalo wenye kisukari wanalipata zaidi kuliko wengine, linajulikana pia kwa mpangilio wake, kuzungusha mkono kwenda nje ndo kunapotea sana, alafu kuupandisha kwa pembeni, alafu kuzungusha ndani. Kwa hiyo bega halipimwi upande mmoja tu likaisha. Enka nayo inapimwa goti likiwa limenyooka na likiwa limekunja kwa sababu kigimbi kinavuka viungo vyote viwili, kikiwa kimekaza enka inagoma goti likinyooka na inaachia ukilikunja.

Usishtuke namba zikicheza kidogo. Wiki iliyopita 92, leo 89, hujarudi nyuma, goniomita ina tofauti ya kama digrii 5 hata akipima mtu yuleyule, na wakipima watu wawili tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Bora upimwe na mtu mmoja, mlalo uleule, na kama wiki iliyopita alikupima kabla ya mazoezi basi na leo iwe kabla, mana kiungo kikishapata joto kinaongezeka. Na mguu wa pili upimwe pia, wapo watu wazima ambao goti zima halifiki 135 na wapo ambao linapita.

Hiyo 135 yenyewe nina neno nayo. Mtu anayekaa kwenye viti na kutumia choo cha kukaa, 110 inamtosha kwa mambo mengi ya siku. Lakini kuchuchumaa chooni kunataka zaidi ya hapo, na kukaa tahiyatu kwenye sala goti linakunjwa karibu mpaka mwisho wake kabisa, kwenye 150 huko. Nimeona watu wanaambiwa "umepona" wakiwa na 115, wanarudi nyumbani kwenye choo cha shimo na hawawezi kukitumia. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mwambie fizio choo chenu kikoje, unasali vipi, unalima au unauza duka, lengo liandikwe kutokana na hayo.

Nyumbani unaweza kujifuatilia bila goniomita. Kaa kwenye kiti kigumu ambacho miguu inafika chini, rudisha kisigino nyuma chini ya kiti bila kunyanyua makalio, alafu weka alama sakafuni pale vidole vilipofika, wiki ijayo angalia kama vidole vinaenda nyuma zaidi ya ile alama. Kwa kunyoosha, kaa kitandani mguu ukiwa mbele, bonyeza goti chini na uangalie kama kiganja cha mtu bado kinapita chini yake. Ila goti likiwa na joto na limevimba ghafla, au kigimbi kimevimba na kinauma ukikibonyeza, hiyo siku usipime wala usifanye zoezi, wahi hospitali.