Seneti ya chuo kikuu haishiki mfuko

Kila mishahara inapochelewa katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya, utasikia: "Si maprofesa wenyewe ndio wanaoketi kwenye Seneti? Waulizwe pesa zimeenda wapi." Lawama hizo zinabisha hodi nyumba isiyo yake. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiachia Seneti mambo ya masomo: mitaala, mitihani, nani anafuzu. Bajeti huidhinishwa na Baraza la Chuo, ambalo wanachama wake wengi huteuliwa na Waziri wa Elimu, na Hazina ya Taifa ina kiti humo.

Kwa hiyo Seneti inaweza kupitisha kozi mpya ya uhandisi leo, lakini fedha za mashine za maabara zitaamuliwa kwingine. (Na kozi zimepitishwa nyingi mno, tuseme ukweli.)

Baraza lenyewe nalo hutegemea Serikali. Mgomo wa wahadhiri wa 2025, uliodumu siku 49, ulihusu malimbikizo ya Sh7.9 bilioni ya mkataba wa mishahara wa 2017–2021. Ulimalizika Serikali ilipokubali kuyalipa kwa awamu mbili.