Si kila chungu mwekundu ni siafu

Hapa Lamu, mtu akiumwa na chungu mwekundu kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ataambiwa papo hapo, "Siafu hao!" Rangi peke yake haitambulishi chungu. Siafu wafanyakazi hawana macho kabisa. Huenda kwa msafara mnene wakifuata harufu, na jua kali huwakausha. Kwa hiyo ukimwona chungu wa miguu mirefu akikimbia peke yake adhuhuri, juu ya mchanga unaounguza, huyo si siafu. Mwangalie kwa kioo cha kukuzia, utayaona macho. Kule Sahara wapo wakimbiaji kama huyo, wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Cataglyphis, ambao hurudi shimoni kwa kufuata jua na kupima hatua zao.

Kingine cha kutazama ni kiuno. Kati ya kifua na tumbo kuna kifundo kimoja au viwili, na hapo koo kubwa za chungu hutengana. Majimoto wa kwenye miembe, naye mwekundu, ana kimoja. Kiota chake ni majani yaliyoshonwa kwa hariri ya mabuu. Ukipiga picha, tafadhali piga ubavuni. Ya kutoka juu huficha kiuno chote.