Maji Maji haikuanzia kwenye maji: ufafanuzi kwa wananchi wa Iringa, Njombe na Mbeya

Kila inapokaribia Julai 19, siku aliyokufa Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, maswali hufurika kwenye ofisi yetu ya makumbusho. Mwaka huu yamekuja pamoja na malalamiko kuhusu watu wanaochimba Lugalo, palipopiganwa vita na Wajerumani, na kwenye maboma ya kale. Nayajibu yote hapa.

Kwanza, kwa nini Wahehe hawakuingia Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907 vya kupinga utawala wa Wajerumani? Wengi huuliza kana kwamba ni woga. Naomba hilo liishe. Wahehe walikwishapigana. Agosti 17, 1891 walikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka Oktoba 1894, Mkwawa akaendelea na vita vya msituni hadi 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Maji Maji inazuka miaka 7 tu baadaye, Iringa ina kambi ya askari wa Wajerumani. Ni kweli pia kwamba kikosi cha Kapteni Nigmann, Mjerumani, kilitoka hapa Iringa kwenda kuiokoa ngome ya Wajerumani iliyozingirwa Mahenge, na hatulifichi.

Pili, eti Maji Maji ilikuwa ushirikina. Hapana! Kodi ya nyumba ilianza 1898. Kulikuwa na viboko vya maakida, watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani. Kulikuwa na shamba la pamba la kijiji, ambalo mtu alilitumikia siku 28 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35, wengine wakakataa kuzipokea. Ila kila kijiji kilinung'unika kivyake, na manung'uniko ya namna hiyo mtawala huyamaliza kwa kiboko, kijiji kimoja kimoja. Dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji aliyosema yangezuia risasi, iliwapa watu wasiojuana kiapo kimoja. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba kijijini Nandete. Agosti 4 Kinjikitile akanyongwa na Wajerumani. Hata hivyo Septemba Wabena walivamia misheni ya Yakobi, huku Njombe, kwa kuwa wajumbe wa dawa, mahongo, walikwishasambaa. Mwenye dawa amekufa, vita inasonga. Mnaosema ni ushirikina mtazame hapo.

Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Wanaokadiria waliokufa, wengi kwa njaa, hutaja 250,000 hadi 300,000.

Sasa uchimbaji. Tumechoka kufukia mashimo ya wanaotafuta rupia za Wajerumani. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba mambo ya kale kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Barua ya mwenyekiti wa kijiji si leseni. Ridhaa ya mwenye shamba si leseni. Mganga hana mamlaka ya kutoa leseni. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Ukikuta kitu wakati wa kulima, usikisafishe wala kukihamisha. Weka alama, mwarifu mtendaji wa kijiji, naye aiandikie halmashauri, nakala kwetu. Risasi au bomu, polisi kwanza. Mfupa wa binadamu ufunikwe kwa nyasi palepale, na mtu mmoja abaki nao hadi tufike.